Digidigi Akigongwa Barabarani, Huruma Yetu Iende Wapi?

Kuna video fupi zinazozunguka kwenye simu zetu siku hizi, na karibu zote zinafanana. Gari limesimama pembeni, taa za tahadhari zinawaka, mnyama amelala kwenye ukingo wa lami. Katika mojawapo, inayodaiwa kurekodiwa kati ya Fufu na Mtera kwenye barabara ya Dodoma kwenda Iringa, kijana ameketi kwenye changarawe akiwa amempakata digidigi aliyegongwa. Anampapasa shingo, anamsemesha kwa upole, anammiminia maji mdomoni kutoka kwenye chupa. Watu wamemzunguka na mmoja anasali kwa sauti. Digidigi hatikisiki. Chini ya jicho lake kuna tone jeusi linalong'aa, na anayerekodi anasema, "Jamani, analia." Muda mfupi baadaye mnyama amekata roho, na maneno yaliyoandikwa chini ya video yanasema kwamba amekufa kwa amani mikononi mwa mtu mwenye moyo.

Waliotoa maoni wamegawanyika. Wengi wanamsifu kijana na kumwombea baraka. Wengine wanambeza: watu wanalala sakafuni hospitalini, wewe unalilia digidigi? Nadhani pande zote mbili zimeielewa vibaya video ile. Huruma ya kijana ni ya kweli na ninaiheshimu, lakini alichompa mnyama yule hakikuwa faraja. Mnyama pori anayekufa hufarijika anapopunguziwa hofu, na katika dakika zile hofu yake kubwa ni sisi: mikono yetu, sauti zetu, harufu yetu, na duara la miguu tulilomzungushia. Anayetaka kumfariji kweli humfunika macho, huwaondoa watu, hurudi nyuma na kumlindia utulivu mpaka msaada ufike au roho itoke. Na ninaamini kosa hili la barabarani ni ndugu wa kosa tunalolifanya kando ya vitanda vya wagonjwa wetu. Tunamfariji anayekufa kwa kipimo cha mahitaji yetu sisi tunaobaki.

Tuanze na mahali penyewe, maana si ajabu kwamba mambo haya yanatokea huku kwetu. Kanda ya kati imezungukwa na wanyama. Kusini kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, magharibi Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, kaskazini mapori ya akiba ya Swagaswaga na Mkungunero. Katikati ya maeneo hayo kuna vichaka vya migunga na mibuyu ambavyo havina bango wala geti, lakini digidigi, tandala, nungunungu, mbweha na fisi wanaishi humo kama ilivyokuwa zamani. Kilichobadilika ni barabara na mji. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi kwa lami mwaka 2018. Wanaokumbuka vumbi la zamani wanajua kwamba dereva alikuwa akitambaa kule, na mnyama alikuwa na nafasi ya kusikia gari na kujitoa. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na sensa ya mwaka 2022 ilikuta jiji lina watu zaidi ya 765,000. Viwanja vimepimwa hadi kwenye vichaka ambavyo zamani watoto walikuwa wanachunga mbuzi. Kwa hiyo mtu ambaye hakuwahi kuwaza kuhusu wanyamapori, karani wa ofisini au mwanafunzi wa chuo, anajikuta usiku na mnyama anayekufa mbele ya taa za gari lake, na hakuna aliyewahi kumwambia afanye nini.

Sasa tumtazame digidigi mwenyewe, kwa sababu hapo ndipo video ile inapotudanganya. Huyu ni swala mdogo kuliko mbuzi, uzito wake ni kilo tatu hadi sita hivi. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo wanalolijua kila kichaka chake. Silaha yake ni kujificha, kusimama tuli, kisha kuchomoka kwa kasi huku akipiga mluzi wa puani. Mbele ya jicho lake, upande wa ndani, kuna tezi inayotoa majimaji meusi yenye kunata, na yeye huyapaka kwenye ncha za vijiti kuweka alama ya mipaka yake. Lile tone tuliloliona likimeremeta ndilo hilo. Analo akiwa mzima, analo akiwa anakula, analo dume na jike. Hakuwa analia. Na yale maji ya chupa pia yalikuwa kiu yetu, kwa maana digidigi hupata sehemu kubwa ya maji yake kwenye majani na umande, na anaweza kukaa muda mrefu bila kwenda kisimani. Mnyama aliyejeruhiwa akimiminiwa maji akiwa amelala chali au kichwa kikiwa kimeinuliwa, maji hayo yanaweza kuingia kwenye mapafu. Tunamwongezea kifo kingine juu ya kile alichonacho.

Halafu kuna ule utulivu wake. Huu ndio ushahidi mkubwa wa wanaosema alifarijika: hakupiga teke, hakulia, alitulia mikononi. Lakini kwa mnyama anayewindwa, kutulia mikononi mwa adui ni dalili ya hofu iliyofika mwisho. Kakakuona hujiviringisha akawa mpira akiguswa, na hakuna anayesema amestarehe. Swala hufanya vivyo hivyo kwa namna yake. Akishindwa kukimbia huganda. Ndani, moyo unakwenda mbio, joto la mwili linapanda, misuli inajaa sumu ya kazi isiyofanyika. Madaktari wa wanyamapori wanaijua vizuri hali hii, na wanaiogopa, kwa sababu mnyama aliyekamatwa na kushikwashikwa anaweza kufa saa au hata siku kadhaa baadaye bila jeraha lolote, ameuawa na hofu na misuli iliyoharibika. Ndiyo maana wanapomlaza twiga au pundamilia kwa sindano ya usingizi ili wamtibu, hufanya haraka kumfunika macho kwa kitambaa, hunong'ona, na humkataza kila asiye na kazi asisogee. Hao ni watu waliokuja kumwokoa, wana dawa mkononi, na bado wanajihesabu kuwa sehemu ya hatari.

Nimewahi kushuhudia jambo hili likifanywa sawasawa. Basi letu la kwenda Iringa lilisimama nyuma ya lori lililomgonga tandala mdogo, jike, mgongo umevunjika. Abiria tulishuka kama kawaida ya abiria. Miongoni mwetu alikuwamo askari wa wanyamapori aliyekuwa akirudi kazini, mtu wa makamo. Mama mmoja akamuuliza, "Afande, tumpe maji?" Akajibu, "Hapana mama, atapaliwa. Naomba mrudi kwenye basi, mnamtisha. Na wewe dereva, zima injini." Akavua sweta lake, akamwendea yule mnyama kwa nyuma akiwa ameinama, akamfunika kichwa chote isipokuwa pua, kisha akarudi hatua nyingi hadi chini ya mgunga na kupiga simu akimwita mwenzake mwenye silaha. Vijana wawili walikuja na mbwa na panga. Akawazuia bila kupandisha sauti. Kutoka dirishani niliona pua za yule tandala, ambazo zilikuwa zinatanuka na kufunga kwa kasi, zikianza kupunguza. Hakuna aliyempapasa. Abiria kadhaa walilalamika kwamba askari ana roho ngumu. Mimi niliona mtu anayejua kazi ya huruma inavyofanywa.

Mtu anaweza kunipinga akisema kwamba kugusa kunafariji, na ana hoja. Punda aliyeumia hutulia akipapaswa na mwenye naye. Mbwa hutafuta mkono wa bwana wake anapokufa. Ng'ombe anayekamuliwa na mtu yule yule kila asubuhi hushusha maziwa akisikia sauti yake. Hata tembo yatima wanaolelewa na binadamu hulala jirani na walezi wao na kuwalilia wakiondoka. Yote ni kweli, na yote yanathibitisha ninachokisema. Mbwa, punda na ng'ombe wamezaliwa katika ukoo uliokaa na binadamu maelfu ya miaka, na kila mmoja wao ana historia yake na mkono ule. Yule yatima wa tembo amelelewa kwa chupa na mtu huyo huyo. Mkono unafariji pale ambapo tayari ni mkono wa nyumbani. Digidigi wa Fufu hana historia na kijana yule isipokuwa ile ya muda mfupi uliopita, alipogongwa na chuma chenye harufu hiyo hiyo ya watu.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo ni ya wale wanaosema kama unamhurumia, mmalize. Wachungaji wa mifugo wa kanda hii wataona mjadala wa kumpapasa au kutompapasa kuwa wa watu wasio na kazi. Mnyama aliyevunjika mgongo anachinjwa, basi. Nawaelewa. Mafundisho ya dini walizokulia wengi wetu yanasema hivyo hivyo kuhusu mnyama wa kuchinjwa: Waislamu wameusiwa na Mtume kukinoa kisu na kumpumzisha mnyama, na wanafundishwa wasimnolee mbele ya macho yake. Kumfupishia mateso ni huruma, na pengine ndiyo huruma kubwa kuliko zote barabarani. Lakini tuseme ukweli kuhusu kinachofuata baada ya kisu. Mnyama akifa mwenyewe ni nyamafu, haliwi na Mwislamu wala na wengi wengine, kwa hiyo haraka ya kumchinja mara nyingi ni haraka ya sufuria. Wale vijana wawili na mbwa wao hawakuja kumpunguzia tandala maumivu. Na sheria haiwaruhusu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamfanya mnyama pori kuwa mali ya umma chini ya dhamana ya Rais. Nyama yake, ngozi, pembe hata mfupa ni nyara za Serikali, na anayekutwa nazo bila kibali anaweza kwenda jela miaka mingi. Kanuni za mwaka 2020 zilizoruhusu bucha za nyamapori hazikumpa ruhusa mpita njia mwenye panga.

Hapa naona tatizo ambalo video zile hazilionyeshi kamwe. Woga wa nyara za Serikali unawafanya madereva wengi wakimbie. Dereva akigonga swala saa nne usiku anawaza: nikisimama nitaulizwa, nikipiga simu nitashikiliwa, nikimgusa nina kesi. Anakanyaga mafuta. Mnyama anabaki hapo mpaka fisi amfikie au jua limkute. Yaani sheria iliyotungwa kumlinda akiwa hai inamwacha peke yake akifa, si kwa sababu imesema hivyo, ila kwa sababu hakuna aliyemwambia dereva kwamba kutoa taarifa ni wajibu wake na hakumgeuzi kuwa mhalifu. Tunayo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayotambua kwamba mnyama anateseka na kukataza ukatili, lakini wangapi kati yetu wamewahi kuisikia ikitajwa nje ya josho na machinjio?

Wapo pia wanaosema tumwache, asili ina dawa yake. David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, aliandika kwamba simba alipomrarua bega mwaka 1844, huko Afrika Kusini, aliingia katika hali kama ya ndoto, hakuhisi maumivu wala hofu, na akadhani Muumba amewapa viumbe wote wanaoliwa neema hiyo. Huenda alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Mwili uliojeruhiwa vibaya humwaga kemikali zake zinazofifisha maumivu. Ila Livingstone alikuwa mdomoni mwa simba kwa muda mfupi mno, na aliishi kusimulia. Mnyama anayekaa pembeni ya lami tangu usiku hadi saa tatu asubuhi, mgongo umekatika, magari ya mizigo yakimpita kwa kishindo, hayumo katika simulizi lile. Ganzi ya dakika za kwanza haimtoshi mtu wala mnyama kwa saa nane. Kumwachia asili mnyama aliyegongwa na gari letu ni kukwepa tu, kwa kuwa asili haikumgonga.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopata makofi mengi: kwamba huruma kwa mnyama inapunguza huruma kwa watu, na tena ni uzungu. Anayeisema hii hudhani moyo una kiasi maalumu cha huruma kama debe la mahindi, ukimpimia digidigi kibaba, mgonjwa wa wodini anapungukiwa. Sijaona ushahidi wa hilo katika maisha. Muuguzi mpole kwa wagonjwa hawi mkali kwa paka wa jirani. Na anayemtandika punda kwa mtaimbo simwamini kumlea mzazi wake mgonjwa. Kuhusu uzungu, Waislamu wa pwani na bara wamekua na kisa cha mwenye dhambi aliyesamehewa kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu, na Wakristo wanasoma katika Mithali kwamba mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Ukipanda miamba ya Kolo, Kondoa, kwenye michoro iliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, utamwona twiga, tembo na pofu waliochorwa na wawindaji. Waliwaua wanyama hao na kuwala. Pia waliwatazama kwa makini ambayo mtu hampi kitu asichokijali. Mkunjo wa shingo, uzito wa bega. Kumtazama mnyama na kufikiri juu ya kufa kwake hakukuletwa huku na ndege.

Wengine husema mnyama hajui kwamba anakufa, hivyo hana cha kufarijiwa. Sina haja ya kuthibitisha kwamba anajua. Kule Gombe, mwaka 1972, sokwe aitwaye Flo alipokufa, mwanawe Flint aliacha kula, akadhoofu na kufa baada ya wiki chache. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall na wenzake waliliandika hilo. Tembo husimama juu ya mifupa ya wenzao na kuigusa kwa mkonga. Hayo yanatosha kumnyamazisha anayesema wanyama ni mawe. Lakini kwa digidigi inatosha kujua kwamba anaogopa. Hofu haihitaji elimu ya mauti.

Na sisi je, tunatafuta nini pale kwenye changarawe? Nadhani vijana wengi wa mjini leo wanaona kifo kwa mara ya kwanza hivyo. Wazee wetu walikufa nyumbani, mlango wazi, watoto wakipita. Siku hizi mtu anafia wodini, saa ambazo si za kuona wagonjwa, na tunamkuta mochwari akiwa ameshaandaliwa. Kijana anaweza kufikisha miaka thelathini bila kuona pumzi ya mwisho ya kiumbe chochote kikubwa kuliko kuku. Kisha usiku mmoja, njiani, anaiona. Inamwingia. Anataka kufanya kitu, kwa sababu kukaa na kifo bila kufanya kitu ni jambo zito kuliko yote tunayoombwa. Mkono unanyoosheka wenyewe. Simlaumu hata chembe. Ninachosema ni kwamba mkono ule ulimtuliza mwenye mkono.

Tunafanya hivyo hivyo kwa watu. Nani hajaona mgonjwa aliyefika ukingoni, hawezi tena kumeza, na ndugu wanashindana kumlisha uji kwa kijiko kwa sababu wasipomlisha watajiona wamemtupa? Uji unaingia njia ya hewa, anakohoa, anateseka, na sisi tunasema angalau amekula. Wahudumu wa tiba shufaa, ile huduma ya kupunguza maumivu kwa wagonjwa wasioweza kupona, hutumia muda mwingi kuwaeleza ndugu kwamba mwili unaokufa hauombi chakula, na kwamba kulowesha midomo kwa pamba au kitambaa kunatosha. Wazee wa Kiislamu walilijua hilo. Anayekaa na mtu katika sakarati humlowesha midomo, humkumbusha shahada kwa sauti ya chini, wala hamkazanii akishaitamka. Yule bibi anayefanya hivyo hapigi kelele, hamtikisi, hamwambii "utapona tu" huku wote wawili wanajua. Anamfuata anayekwenda. Kinyume chake ni chumba kilichojaa watu kumi na tano, kila mmoja akitaka kushikwa mkono, kusamehewa, kuagwa, kupiga picha ya mwisho, na mgonjwa amefumba macho kwa sababu hana njia nyingine ya kutoka.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Binadamu anaweza kutaka mkono. Wengi wanautaka, na kwa mgonjwa anayeutaka, kuondoka ni ukatili. Anaweza kusema, au alishasema, au uso wake unasema kwa mtu anayemjua. Mnyama pori naye amesema, kwa maisha yake yote ya kutukimbia. Ukimpakata mtu anayetaka kupakatwa na ukamwacha peke yake mnyama anayetaka kuachwa, umefanya jambo moja mara mbili. Na kumwacha hapa sina maana ya kuondoka. Yule askari chini ya mgunga hakuondoka. Alizuia mbwa, panga, injini na macho yetu. Mnyama anayekufa barabarani ana maadui wengi wanaomngoja, na kusimama mbali ukiwazuia ni kazi inayochosha kuliko kupapasa, haipigiki picha vizuri, na hakuna atakayekuandikia chini yake kwamba una moyo.

Kuna sababu ya kawaida pia ya kutomgusa, nami naitaja haraka kwa kuwa inaua watu. Mbweha au fisi anayekaa bila kukimbia anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mate yanatosha, kwenye mkwaruzo mdogo. Ukiumwa au kulambwa jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende kupata chanjo siku hiyo hiyo. Dodoma tunakumbuka vilevile homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, iliyoua zaidi ya watu 100 nchini huku mkoa wetu ukiwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Moja ya njia zake ni kugusa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa.

Kama ninachosema kina ukweli, basi kuna mambo ya kubadilisha, na hayahitaji fedha nyingi. Vibao vya kuvuka wanyama kati ya Fufu na Mtera, na kwenye vipande vya barabara ya Kondoa vinavyopita vichakani, viandikwe namba ya simu ya afisa wanyamapori wa halmashauri au ya kituo cha karibu cha mamlaka ya wanyamapori, namba inayopokelewa usiku. Afisa huyo apewe usafiri, silaha na mafunzo ya kummaliza haraka mnyama asiyeweza kupona, na mzoga uchukuliwe ili kusiwe na anayefaidika kwa kumgonga. Mwendo wa usiku katika maeneo hayo upunguzwe na usimamiwe kweli, si kwa kibao tu. Anayepita Mikumi anajua kwamba dereva hutambaa pale ambapo anaamini kuna faini. Na shule za udereva hapa mjini, ambazo zinamfundisha mwanafunzi afanye nini akigonga mtu au gari jingine, zimfundishe na hili: simama mbali, weka pembetatu, zima injini na taa kali, piga simu, funika macho ya mnyama kama ni mdogo na hakuna hatari ya kung'atwa, rudi nyuma, zuia watu, na umngoje afisa. Polisi na maafisa wanyamapori nao wakubaliane hadharani kwamba dereva aliyekutwa akingoja hivyo, bila nyama kwenye buti, ni mtoa taarifa, na aachwe aendelee na safari yake baada ya kuandikisha maelezo.